Kamera ya mtego jangwani: usiku hodari, mchana inapwaya

Kwa fundi mpya wa uhifadhi jangwani, kamera ya mtego, inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita, ndicho kifaa atakachokishika kila siku. Usiku kazi yake ni safi: mbweha akikatiza mita tano mbele, ananaswa. Mchana ni habari nyingine. Kihisi hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake; mchanga ukifikia joto la mwili, mnyama anapita bila picha. Kobe na mijusi ndio hukosekana zaidi, hivyo kwao washa mpangilio wa kupiga kila dakika moja.

Weka betri za lithiamu. Za alkalini hupungua nguvu polepole, taa ya usiku ikafifia kamera ingali inawaka, na joto huzifanya zivuje.

Nguzo iwe ya chuma, izame nusu mita. Ikitikiswa na upepo kadi hujaa picha tupu. Kwa mbweha, kimo cha sentimita 40 kinatosha. Kaskazini mwa ikweta elekeza kamera kaskazini, kusini ielekeze kusini, jua lisiipige usoni.

Udhaifu unaoudhi ni mpira unaoziba mlango wa kamera: chembe moja ya mchanga huacha upenyo wa vumbi. Upanguse kwa brashi laini kabla ya kufunga.