Pentium 4 na Core 2 Duo kwenye meza moja, Mwanga Kigoma

Steshenari yangu ipo Mwanga na ina kompyuta mbili za mezani, zote mtumba. Moja ni HP Compaq dc7100 yenye prosesa ya Intel Pentium 4 ya 3.0 GHz (GHz ni kasi ya mizunguko ya prosesa), kiini kimoja, yaani sehemu moja tu ya prosesa inayofanya kazi. Nyingine ni HP Compaq dc7800 yenye Core 2 Duo E6550 ya 2.33 GHz, viini viwili. RAM nimezisawazisha, GB 2 kila moja, na zote zina Windows 7.

Ukisoma namba tu, utaona 3.0 ndiyo kali. Na kwa kuchapa barua ya maombi ya kazi, basi, hutaona tofauti yoyote. Hapo wanaochelewa ni vidole vyako.

Shughuli inaanza mteja anapochomeka fleshi. Fleshi za hapa mjini zimezunguka kompyuta nyingi, kwa hiyo sifungui faili kabla antivairasi haijazikagua. Kwenye Pentium 4, ukaguzi ukianza tu, mausi inaganda, unabonyeza herufi hazionekani, halafu sentensi nzima inamwagika kwa mpigo. Mama aliyeleta mkataba wa kupangisha nyumba anauliza, "Mwanangu, imezima hiyo?" Haijazima, mama. Kiini ni kimoja na antivairasi imekikalia. Kwenye E6550 ukaguzi unaendelea upande mmoja, mkataba unachapwa upande wa pili. Fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyotumika, uone: programu moja ikikwama, ile ya kiini kimoja (Hyper-Threading, nitakayoieleza chini, ikiwa imezimwa) inagonga asilimia 100, hii inaishia 50 na wewe unaendelea na kazi.

Lakini sifa zote usiwape viini. Hata kiini kimoja cha Core 2 Duo kinaishinda Pentium 4 yenye GHz nyingi zaidi, kwa sababu kila mzunguko kinafanya kazi kubwa zaidi. Intel walitangulia kutoa Pentium D mwaka 2005: viini viwili, ila vya ukoo ule ule wa Pentium 4. Pentium D ile ya 840 ilipangiwa wati 130 za joto! E6550 ni 65. Core 2 Duo ilipoingia 2006 ndipo mambo yakabadilika. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ina viini viwili", uliza ni ipi.

Na hapo kuna ujanja wa wauzaji. Pentium 4 nyingi zina Hyper-Threading, mbinu ya kufanya kiini kimoja kionekane kama viwili, na Task Manager inazionyesha kwa vijigrafu viwili. Muuzaji anakuonyesha hivyo vijigrafu, anakwambia ni ya viini viwili, na bei inapanda hapo hapo. Wewe usibishane naye. Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha Start, usome mstari wa prosesa. Ukikuta kiini 1 (Core) na prosesa pepe 2 (Logical Processors), hiyo ni Pentium 4 iliyovaa suti.

Pasipoti saizi kwenye Photoshop? Zote mbili zinajivuta wakati wa kuifungua, maana diski ni za zamani na kiini cha pili hakiisukumi diski. Ukibakiwa na hela baada ya kununua ya viini viwili, weka SSD, diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, hata ndogo.

Ile Pentium 4 sijaiuza. Nimeiacha na skana, kazi moja kwa wakati, na hapo hainisumbui, ukiacha kelele za feni.