Mtambo wa kukeneka thina, lita 60: unakifaa kiwanda kidogo cha rangi?

Kwa kiwanda kinachooshea mapipa na mashine zake kwa thina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, mtambo huu tunaupendekeza, mradi uununue pamoja na pampu ya ombwe, inayonyonya hewa kutoka chunguni. Thina chafu hupashwa joto ndani ya chungu kinachozungukwa na mafuta ya moto. Mvuke hupita kwenye kipoza cha maji na kutoka ukiwa kimiminika safi. Kati ya viambato vya thina, asetoni huchemka kwa nyuzi 56 za Selsiasi, toluini 111, zailini karibu 140. Ombwe hushusha viwango hivyo, hivyo masalia ya rangi hayaungui wala kung'ang'ania chunguni.

Usikijaze chungu hadi juu. Povu la rangi hupanda na kuziba kipoza. Gasketi ya mfuniko iwe ya tefloni, plastiki inayostahimili kemikali, maana mpira wa kawaida huvimba na kuvujisha mvuke.

Jambo la kuogopa kweli ni rangi na vanishi za nitroselulosi, kemikali inayowaka kwa urahisi sana: masalia yake yakikauka kwenye joto huweza kuwaka yenyewe, hata kulipuka. Zitenge tangu kwenye pipa la kukusanyia, pamoja na vimumunyisho (vimiminika vya kuyeyushia) vyenye klorini, ambavyo vikiungua hutoa asidi inayokula chuma.

Thina inayopatikana ni nzuri kwa kuoshea. Kutengenezea rangi mpya hatushauri, kwani uwiano wa viambato vyake hubadilika. Tope linalobaki bado ni taka hatari; mkabidhi mkusanyaji mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira ya nchi yako.

Kabla ya kulipa, dai cheti kinachoonyesha kwamba mota na swichi zinafaa mahali penye mvuke unaolipuka.