Kujifunza kuzamia kwa mtungi: darasa Maskati, bahari Unguja

Kama unaishi Maskati na kwenu ni Unguja, swali la wapi ukajifunze kuzamia lina majibu matatu, ingawa watu hukutajia mawili tu. Utamaliza kila kitu Oman, au utasubiri likizo ufanye kila kitu nyumbani. La tatu ni kuigawa kozi: masomo na bwawa unakoishi, bahari kwenu. Mimi nilichukua hilo la tatu, na ndilo ninalolipigia debe.

Wengi hawajui kama linawezekana. Cheti nilichokitaka ni cha PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kile cha kwanza kiitwacho Open Water Diver, kinachokuruhusu kushuka hadi mita 18. Kuna masomo, kuna mazoezi ya bwawani, halafu unazama baharini mara nne. Ukishamaliza masomo na bwawa, mwalimu anakujazia fomu ya rufaa, nawe una miezi 12 ya kumalizia kwa mwalimu mwingine, popote duniani. Likizo yangu ni fupi na shangazi zangu ni wengi. Sikutaka kukaa Michenzani nadurusu habari za mgandamizo wa hewa huku watu wananisubiri sebuleni.

Maskati niliomba mwalimu mwanamke na nikampata bila kubembeleza. Vazi la mpira linafunika mwili mzima, juu yake nikavaa kofia ya mpira inayoshuka hadi shingoni, na suala la hijabu likaishia hapo. Unatakiwa uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Haya ni mepesi. Linalowatoa watu jasho ni zoezi la kuvua miwani chini ya maji. Unaivua, unaishika mkononi, macho umeyafumba, unavuta hewa kwa mdomo na huku pua nayo inataka zamu yake. Kisha unaivaa, unainua uso kidogo, unakandamiza ukingo wake wa juu na kupuliza kwa pua mpaka maji yaliyoingia yatoke kwa chini. Nililirudia hadi likawa kama kutawadha. Nilipotakiwa kulifanya tena kwenye maji ya chumvi, sikuwa na wasiwasi, na hapo ndipo nilipoona faida ya kupata bwawa la karibu na muda wa kutosha.

Kwa nini bahari nisiimalizie Oman? Si kwamba hakuna cha kuona. Visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, kasa tele, na majira ya joto hupita papa potwe. Lakini kazi yangu hunipa nafasi majira ya baridi, na wakati huo maji ya huko hushuka hadi nyuzi 23 hivi. Mwanafunzi anayetetemeka hajifunzi. Halafu mimi napenda meli zilizozama. Al Munassir, iliyozamishwa makusudi huko Oman, karibu na Bandar Khayran, mwaka 2003, imekaa kwenye kina cha kama mita 30, na cheti cha mwanzo hakinifikishi chini kule. Mbele ya Mji Mkongwe kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya iliyozama 1902, na hayo yako kwenye mita 12 tu.

Kumpata wa kunifundisha Unguja kulinichosha kidogo. Kampuni ya kwanza niliyoiandikia WhatsApp ilinipa bei nzuri, ila kila nikiuliza mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi, najibiwa, "Karibu sana dada, usijali." Kanuni ya PADI inaruhusu hadi 8 kwa mwalimu mmoja baharini. Wanane! Nikawaaga. Wa pili walinijibu hapo hapo kwamba hawazidishi wawili, wakanitajia na nini kimo kwenye bei na nini hakimo: boti, vifaa, ada ya cheti. Nikalipia.

Mwalimu alikuwa kijana wa Nungwi, na raha ya kufundishwa kwa Kiswahili sikuitarajia. "Dada, dole gumba juu si poa, ni tunapanda. Ukiwa sawa nioneshe duara." Kila mita moja tukisimama, nabana pua napuliza taratibu mpaka masikio yafunguke, ndipo tunashuka tena. Hakuwahi kunihimiza. Mtungi ulianza na bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), na alitaka nimwambie nikifika 100, siyo 50.

Alinipangia pia wiki ya kuzama. Hili mwalimu mgeni hulisoma kwenye jedwali la kupwa na kujaa, yeye alitazama mwezi. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, mkondo unavuta na maji yanachafuka. Tukangoja maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, tukaanzia Pange na Bawe, kwenye kina kidogo. Sitadanganya, upande huo wa Mjini maji si angavu kama kwenye kisiwa cha Mnemba. Anayetaka picha za kuringia aende Mnemba akiwa na cheti tayari.

Fomu ya afya ijazeni kabla ya kusafiri. Ukijibu ndiyo kwenye pumu, moyo au masikio, itabidi daktari asaini, na kumtafuta daktari huyo likizoni ni adha. Mwenye mimba hazamii kabisa. Na tiketi ya kurudi isikaribiane na siku ya mwisho: ukizama mara kadhaa, ngoja angalau saa 18 ndipo upande ndege, hata ile ndogo ya kwenda Dar. Boti ya Dar haina tatizo.

Kampuni hiyo ya pili nimewapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu boti haikuwa hata na pazia la kubadilishia nguo, nikarudi Forodhani nimelowa ndani ya baibui. Nimewaambia, wakacheka, wakasema watashona. Nikienda tena nitaangalia.