Kamusi ya Kroonen mezani: tuipime kwa neno la bua

Karibuni. Bidhaa ya leo ni kamusi ya etimolojia (asili ya maneno) ya Kijermaniki cha Awali, ya Guus Kroonen, Brill, Leiden, 2013. Lugha hiyo ndiyo mama wa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi. Yenyewe haikutuachia maandishi, hivyo maneno yake yamejengwa upya kwa kulinganisha watoto wake. Kile kinyota mbele ya neno ndicho kinachokuambia hivyo.

Tuipime kwa bua. Fungua H, tafuta *halma-. Wengi hukwama hapa kwa kutafuta *halmaz, kama vitabu vingine vinavyoandika. Ile z ni mwisho wa umbo la kiima tu. Kroonen anaorodhesha shina tupu la neno, bila mwisho huo.

Watoto wake: Kijerumani Halm, Kiswidi halm, na Kiingereza haulm, ambalo siku hizi utalikuta zaidi kwa wakulima wa viazi, kwa maana ya mashina na majani yaliyo juu ya udongo.

Sasa panda ngazi moja, Kihindi-Kiulaya cha Awali, chimbuko la Kijermaniki, Kilatini, Kigiriki na Kirusi: *ḱolh₂mo-. Angalia herufi ya kwanza. Kwenye Kijermaniki k hiyo iligeuka h, kwa kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822, na o fupi ikawa a. Kilatini culmus (c yake husomwa k) na Kigiriki kalamos zimebaki na k. Kirusi soloma imeifanya s. Hiyo h₂ isikutishe: ni konsonanti iliyokufa, na kaburi lake ni a ya katikati ya kalamos.

Kalamos ni tete, na tete lililochongwa likawa chombo cha kuandikia. Waarabu wakasema qalam, sisi kalamu. Naam, kalamu yako na Halm ya Mjerumani ni ukoo mmoja, ila yetu imefika kwa kuazimwa. Njia hiyo usiitafute humu, si kazi ya kamusi hii.

Mtego mkubwa ni Kijerumani Kalmus, mmea wa majimaji. Ukiona k pale ulipotarajia h, shuku mkopo: hili lilitoka Kilatini calamus, mabadiliko ya Grimm yakiwa yamekwisha pita. Holm ya Stockholm nayo ni kisiwa, neno jingine kabisa.

Kwa asiyejua kanuni za sauti, kamusi hii ni ngumu. Anza na kanuni ya Grimm kwanza. Na ukitumia nakala ya kompyuta, andika halm bila kinyota wala kistari.