Uzoefu wangu: Medium kama potifolio ya mwandishi anayeanza

Ukiomba kazi ya uandishi, mhariri atakuuliza jambo moja kabla ya yote: umeandika nini? Anayeanza hajachapwa popote na hana mteja wa kumtaja. Hapo wengi hukimbilia kulipia tovuti, wakahangaika na rangi na picha kabla hawajaandika hata makala moja. Mimi potifolio yangu, yaani mkusanyo wa kazi za kumwonyesha mhariri, niliianzia Medium, jukwaa la mtandaoni la kuchapisha makala, na ninayemwona anaingia kwenye kazi hii namwelekeza huko huko.

Medium ilianzishwa mwaka 2012 na Evan Williams, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Kufungua akaunti na kuchapisha ni bure. Ada ya uanachama ni ya wasomaji, si sharti la kuandika. Ninachokipenda zaidi ni sehemu yenyewe ya kuandikia: ukurasa mweupe, kichwa juu, maandishi chini, basi. Hakuna cha kupamba, kwa hiyo nguvu zako zote zinaishia kwenye sentensi. Makala ikitoka inasomeka vizuri hata kwenye simu.

Lakini chombo hakikuandikii sampuli, yaani makala za mfano za kuingia kwenye potifolio. Kilichonisaidia ni kujiagiza kazi mwenyewe. Nilitaka kulipwa kwa makala za afya zinazomlenga msomaji wa kawaida, kwa hiyo niliziandika kana kwamba mhariri amenituma: nikajiwekea idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, nikatafuta mtaalamu wa kumhoji, na kila takwimu nikaonyesha ilikotoka. Hakuna kanuni inayosema sampuli lazima iwe imelipiwa. Mhariri anatazama kama unajua kuuliza, kupanga hoja na kumshika msomaji hadi mwisho, na hayo yanaonekana hata kwenye makala ambayo hakuna aliyekuagiza. Shajara na mawazo ya moyoni, hata yakiwa matamu, hayamwonyeshi hivyo. Na usirundike: makala tatu au nne nzuri za fani moja zinamwambia mengi kuliko ishirini za kila kitu.

Kuna mtego mmoja. Medium ina mpango wa kuwalipa waandishi, ulioanza mwaka 2017, ambapo unaweza kuifungia makala isomwe na wanachama waliolipia. Sampuli usiifungie. Mhariri asiye mwanachama atasoma aya chache kisha azuiwe, na hana sababu ya kulipa ili akujue. Kama umeshaifunga, mtumie linki maalumu ambayo mwandishi anaweza kuwapa watu wasome bure. Pia unaweza kuchapisha makala bila kuiweka hadharani, ikaonwa na mwenye linki tu; mimi hufanya hivyo ninapoandaa sampuli kwa ajili ya mteja mmoja.

Upungufu wake upo. Ukurasa wako unafanana na wa kila mtu, na hakuna mahali pazuri pa kueleza huduma unazotoa. Nilipopata wateja wa kudumu nilifungua tovuti yangu kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, lakini zile sampuli za mwanzo nimeziacha Medium na bado nazituma.

La kuzingatia kuliko yote ni uhai wa linki zako, popote zilipo. Utafiti wa Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena baada ya miaka kumi. Jarida moja la mtandaoni lililowahi kunichapa lilifungwa, na makala zangu zikapotea pamoja nalo. Nakala nilikuwa nazo, kwa sababu siku makala inapotoka huwa naipeleka kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, huduma ya mtandaoni inayohifadhi nakala za kurasa za wavuti. Unabandika linki, ukurasa unahifadhiwa ukiwa na tarehe yake, tena bure. Naweka na nakala ya PDF kwangu. Medium nayo inakuruhusu kupakua kazi zako zote kwa pamoja kupitia mipangilio ya akaunti. Fanya hivyo mara kwa mara.

Kazi uliyomwandikia mtu ikatoka kwa jina lake usiiweke kwenye potifolio kabla ya kusoma mkataba na kupata ruhusa yake kwa maandishi. Akikataa, jiagize makala nyingine ya aina ile ile, uiweke kwa jina lako.