Nu Html Checker: kikaguzi cha kurasa kinachoaminika, kikijulikana mipaka yake

W3C, shirika lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, haliwezi kumlazimisha mtu yeyote kufuata viwango vya wavuti. Linachoweza ni kumpa chombo cha kujipima, na Nu Html Checker, kwenye validator.w3.org/nu, ni chombo bora. Ni bure, hakuna kujisajili. Unaweka anwani ya ukurasa, unapakia faili, au unabandika msimbo wenyewe. Kipimo chake ni kiwango cha HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) kinachosimamiwa na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari, ambacho W3C ilikubali mwaka 2019 kiwe kimoja kwa wote.

Nguvu yake ni kunasa makosa ambayo jicho halioni. Chukua fomu yenye visanduku viwili vyenye id (jina la utambulisho) ileile, id="simu". Ukurasa unapendeza tu. Lakini bonyeza maandishi ya kisanduku cha pili: kishale cha kuandikia kinarukia cha kwanza, kwa sababu kivinjari hushika id ya kwanza kinayoikuta. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, anafika kwenye kisanduku cha pili kisicho na jina. Kikaguzi kinakutajia mstari na safu lilipo kosa.

Ripoti isomwe kuanzia juu. Rekebisha kosa la kwanza, kagua tena, maana kosa moja huzaa mengine mengi. Linalowasumbua wengi ni div (kifungu cha ukurasa) ndani ya p (aya). Kivinjari kikikuta div hufunga p papo hapo, kwa hiyo </p> uliyoiandika chini inabaki haina mwenzake. Kikaguzi kinalalamikia </p>, na mtu anahangaika nayo bure wakati tatizo ni div iliyo juu yake. Hapa ujumbe ungeweza kueleza zaidi, tena uko kwa Kiingereza.

Ripoti safi haimaanishi ukurasa ni mzuri. Andika alt="picha" (alt ni maelezo ya picha kwa asiyeiona) kwenye kila picha na utapita, ingawa asiyeona hajaambiwa lolote. Utofauti wa rangi kati ya maandishi na mandharinyuma yake, ambao WCAG, mwongozo wa kurasa zinazofaa watu wenye ulemavu, unataka uwe angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, hakiupimi. Hilo lipimwe kwa chombo kingine, bila kukosa.

Pia hakiendeshi JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa na kivinjari. Ukurasa unaojengwa ndani ya kivinjari kitauona kama ganda tupu. Fungua zana za wasanidi, nakili elementi nzima ya html, kisha ibandike kwenye kisanduku cha maandishi.

Kurasa zilizo kwenye kompyuta yako hakiwezi kuzifikia kwa anwani. Pakua vnu.jar, ambayo ni kikaguzi hichohicho kama programu ya Java, hakikisha Java ipo, kisha endesha:

java -jar vnu.jar --errors-only ukurasa.html

Makosa yakiwepo, programu inamaliza kwa msimbo usio sifuri, yaani ishara ya kushindwa, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye hatua za uchapishaji izuie ukurasa mbovu usifike kwenye seva. Kwa timu, njia hii inaishinda ile ya kwenye tovuti.