Kadi za picha au kishikwambi kinachosema?

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji hapa Mwanza huuliza kipi kinamfaa mtoto asiyesema ili awasiliane: kadi za picha anazoonyesha, au kishikwambi (tableti) kinachotamka neno akibonyeza picha. Kwa gharama, kadi zinashinda waziwazi: picha za maji, choo na sato huchapishwa steshenari na kufunikwa kwa plastiki, na hata zikilowa mwaloni Kirumba hufutwa kwa kitambaa zikaendelea kutumika. Kishikwambi huisha chaji, hupasuka kioo, na programu nyingi hazina sauti ya Kiswahili, hivyo mzazi hulazimika kurekodi maneno mwenyewe. Hata hivyo, mtoto akibonyeza "nataka uji", bibi aliyempa mgongo akikoroga sufuria humsikia na kumjibu. Kadi haiwezi hilo.

Hofu kwamba vifaa hivi humzuia mtoto kusema haina msingi katika tafiti. Kinachoniumiza ni kuona kifaa kikifichwa kama adhabu, kwani huko ni kumnyang'anya mtoto kinywa chake.

Pasipo na umeme wa uhakika, kadi zitangulie. Mwenye mengi ya kusema asicheleweshewe kishikwambi, huku ubao wa picha ukibaki begini kwa siku ambayo chaji imekwisha.